Maikrofoni za kichwani kukatika mchezaji akianza kucheza

Umeuliza kwa nini maiki za kichwani zinakwaruza na kukatika pindi wachezaji wa jukwaani wanapoanza kucheza. Angalia kwanza waya pale unapoingia kwenye plagi; za bei nafuu hufia hapo. Kunja kitanzi kidogo cha waya, kibane kwa plasta kwenye kiboksi cha kiunoni (kinachorusha sauti bila waya), ili ukivutwa plasta ndiyo ibebe nguvu, si solda (kiungo cha waya na plagi).

Kichwa cha maiki kikae kando ya mdomo, kama sm 2 kutoka pembe ya midomo. Kikiwa mbele kabisa, kila "p" na "b" italipuka kwenye spika. Bandika plasta ya hospitali shavuni na nyingine kisogoni, ukiacha waya ulegee kati ya kisogo na mgongo. Mwambie ageuze shingo pande zote na ainame; waya ukikaza, rekebisha.

Jasho nalo huteremka kwenye kijiti kinachobeba maiki hadi kwenye kichwa cha maiki, sauti inakuwa kama imezibwa. Funga uzi kukizunguka kijiti kabla ya kichwa, tone lidondokee hapo. Kiboksi nacho kivalishe kondomu isiyo na mafuta (wacheke tu) ili jasho lisiingie, antena isikunjwe.

Ukinunua za akiba, plagi za mm 3.5 hufanana ila nyaya za ndani hutofautiana, hivyo huenda zisifanye kazi na kiboksi chako.