Barua ya ufadhili imefika? Usijibu leo

Kila mwaka zabibu zinapoanza kuvunwa hapa Dodoma, Februari na Machi, barua za vyuo vya Marekani nazo huanza kuingia. Wahadhiri wasaidizi na wahitimu wa vyuo vyetu hapa mjini hunitumia picha ya barua kwenye simu na swali moja: "Dada, nikubali?" Furaha yao naielewa vizuri. Hata hivyo jibu langu huwa lilelile: usijibu leo.

Muda unao. Vyuo vingi vya Marekani vimesaini azimio la Council of Graduate Schools, yaani baraza la vyuo vinavyotoa shahada za juu, linalosema kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Azimio haligusi nafasi isiyo na ufadhili, na si kila chuo kimesaini, kwa hiyo tazama kwanza kama chuo chako kimo. Kama kimo, na bado kinakubana ujibu katikati ya Machi, waandikie kwa upole ukilitaja azimio hilo. Mimi niliandika hivyo, nikaongezewa muda bila maneno.

Muda huo utumie kusoma barua kwa kalamu. Wakati wa kutafuta nafasi ya uzamivu nilikuwa na barua mbili mezani. Tarakimu nazisogeza kidogo, lakini sura yake ndiyo hii: ya kwanza ilitaja posho ya dola 2,400 kwa mwezi, ya pili dola 1,950. Kila niliyemwonyesha alininyooshea ya kwanza. Nikafungua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa.

Ya kwanza, chini kabisa kwa maandishi madogo, ililipa miezi 9. Kwa mwaka ni dola 21,600, na kiangazi ujitegemee. Ya pili ililipa miezi 12, yaani dola 23,400. Zote zilisamehe ada ya masomo, lakini ada ya masomo ni kitu kimoja na michango ya lazima ni kitu kingine: mabasi ya chuo, teknolojia, kituo cha afya, majengo ya wanafunzi. Chuo cha kwanza kilidai michango ya dola 1,800, na bima ya afya dola 2,400 kutoka mfukoni mwangu. Zikabaki 17,400. Cha pili kililipa bima yote, michango ikawa 600. Zikabaki 22,800. Ile barua iliyoonekana nyonge ilikuwa mbele kwa dola 5,400 kwa mwaka, na hapo sijagusa kodi ya nyumba.

Ya nyumba waulize wanafunzi walioko huko, hasa Waafrika wa mwaka wa pili na wa tatu. Waulize wanapanga wapi, wanalipa kiasi gani, na kiangazi wanaishije. Ukurasa wa chuo hautakwambia kwamba watu wanne wanagawana vyumba viwili.

Uliza pia fedha inatoka fungu gani. Ikiwa ni msaada wa masomo usiodai kazi, mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 14 kwenye ile sehemu ya kujikimu, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia. Ikiwa ni mshahara wa msaidizi wa kufundisha, makato yanafuata ngazi nyingine, na utafanya kazi mpaka saa 20 kwa wiki. Kisha tafuta sentensi ya miaka. "Tunakuhakikishia miaka 5 mradi maendeleo yako yaridhishe" ni ahadi. "Itahuishwa kila mwaka kulingana na upatikanaji wa fedha" ni matumaini tu.

Sasa kuomba nyongeza. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, na sababu yake ni malezi. Mama yangu aliposikia nataka kuwaandikia, alishtuka: "Mwanangu, umepewa, bado unadai?" Nilimweleza kwamba kule swali hilo ni la kawaida, idara hulitarajia, na mtu akiuliza kwa adabu ni nadra mno kunyang'anywa nafasi yake. Wahenga walisema mpewa hapokonyeki. Aliridhika nusu, nami nikaandika.

Mwandikie mkurugenzi wa masomo ya uzamili wa idara, au profesa atakayekusimamia, usimwandikie karani wa udahili. Barua yangu kwa kile chuo cha kwanza ilikuwa fupi. Nilishukuru. Nilisema idara yao ndiyo chaguo langu kwa sababu ya utafiti wa profesa fulani, na ilikuwa kweli. Nilitaja kwamba nina nafasi nyingine inayolipa bima na kiangazi, nikaiambatanisha. Nikamaliza kwa ombi moja linalojibika: je, kuna uwezekano wa idara kunilipia bima na miezi ya kiangazi cha kwanza? Usitaje barua usiyokuwa nayo. Wataomba kuiona, na wasomi wa fani moja wanafahamiana.

Elewa pia ni wapi panasogezeka. Kiwango cha posho mara nyingi ni kimoja kwa wanafunzi wote wa idara, kwa hiyo kukisukuma peke yako ni kazi bure. Kinachosogea ni vitu vya pembeni: fedha ya kiangazi, nyongeza ya mara moja, mchango wa kuhamia, mwaka wa kwanza bila kufundisha, malipo ya michango. Mimi nilipata kiangazi, bima sikupata. Na kama ufadhili wako ni wa DAAD ya Ujerumani au Chevening ya Uingereza, viwango vimepangwa kwa wote. Huko peleka nguvu kwenye kusoma masharti, kwa mfano lile la Chevening la kurudi nyumbani kwa angalau miaka 2.

Kama una familia, hesabu yako ni nyingine kabisa. Mwenzi anayekufuata kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi, kwa hiyo posho ya mtu mmoja italisha watu watatu au wanne. Nimeona ndoa zikiteseka kwa jambo hili ambalo lilikuwa wazi kwenye karatasi tangu mwanzo. Kaeni chini wote wawili, daftari katikati, kabla hujasaini chochote.

Kwa aliyeajiriwa, malizana na mwajiri kwa maandishi: ruhusa ni ya miaka mingapi, mshahara unaendelea au unasimama, na ukirudi unadaiwa kutumikia muda gani. Mshahara ukiendelea, makato ya mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, ya asilimia 15 nayo yataendelea, usiuhesabu mzima. Na weka akiba ya kuanzia. Kuna ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuandikisha wanafunzi wageni, dola 350, ada ya viza, safari ya ubalozini Dar es Salaam, nauli ya ndege, dhamana ya nyumba, halafu ukifika Agosti malipo ya kwanza huenda yakaja mwisho wa Septemba. Masharti ya viza kwa Watanzania hubadilika, yathibitishe ubalozini kabla hujalipa kitu. Idara nyingine hutoa malipo ya awali kwa anayeomba. Omba.

Ukishaamua, wajulishe siku hiyohiyo wale unaowakataa, maana kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri anayehitaji fungu hilo. Na angalia saa. Chuo cha pwani ya mashariki kikisema mwisho ni saa kumi na moja jioni ya tarehe 15 Aprili, kwetu Dodoma ni saa sita usiku. Tuma mchana, umeme ukiwepo, na ungoje mpaka wathibitishe kwamba wamepokea.