Webuye na kiwanda chake cha karatasi

Dada, umeuliza mbona Webuye, mji wa magharibi mwa Kenya, ukiipita kwa basi la Nairobi kwenda Malaba, inaonekana kubwa lakini imepoa. Jibu ni Panpaper. Kiwanda hicho cha karatasi kilianza kazi miaka ya 1970 karibu na Mto Nzoia, serikali ikishirikiana na kampuni ya Orient Paper ya India. Mji wenyewe wakoloni waliuita Broderick Falls.

Waliokulia pale huanza na harufu: mayai viza matupu, kwa sababu miti hupikwa kwa kemikali zenye salfa. Moshi ule ulikula mabati ya nyumba mpaka yakatoboka, sufuria zikawekwa sebuleni kukinga mvua. Watu walinung'unika, lakini mwisho wa mwezi maduka yalijaa! Kiwanda kilipofungwa 2009, wapangaji wakahama na biashara zikayumba. Kampuni ya Rai Group ilikinunua 2016, mashine zikawashwa tena, ila si kama zamani.

Mimi nisingeuita mji uliokufa. Siku moja shuka, upande kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza 1895.