Kabla ya aljebra, rudi kwa kutoa na kugawanya

Wadogo zangu mnaoingia gredi 9, na nyinyi wazazi mnaowakalisha mezani jioni, wacha niwaambie kitu nimeona nikifunza watoto wa ploti yetu hapa Manyatta, Kisumu. Wengi wakianza kurivaizi wanakimbilia yale magumu, aljebra sijui jiometri, na ukisahihisha unapata aljebra wameiweza vizuri tu, kilichowaangusha ni kutoa. Kutoa ya darasa la tatu!

Na siwacheki, mimi pia ilinipata. Nilifanya KCPE, ule mtihani wa mwisho wa darasa la nane, enzi zile kabla iishe 2023, hesabu ilikuwa maswali 50 kwa masaa mawili, yaani dakika 2 na sekunde 24 kila swali, na kwa moku moja nikagawanya 3624 kwa 12 nikaandika 32. Si 36 kwa 12 ni 3, na 24 kwa 12 ni 2, nikafunga hesabu. Lakini ukishusha ile 2 peke yake 12 haiingii, lazima uandike sifuri ndio ushushe 4, jibu ni 302. Kilichoniuma ni kwamba 32 ilikuwa hapo kwa majibu ya kuchagua, nikaiona nikafurahi nikaendelea. Anayetunga mtihani anajua utakosea wapi, hilo kosa lako amelitanguliza hapo likungoje, so usiseme uko sawa juu umepata jibu lako liko kwa yale ya kuchagua.

Sifuri ndio inamaliza watu. Chukua 5002 toa 1768. Mtoto anaona 2 haiwezi toa 8 anageuza anasema 8 toa 2, hivyo hivyo mpaka mwisho anapata 4766. Wale wanaokopa nao wanapotelea kwa zile sifuri mbili za katikati, wanakopa kwa mtu hana kitu. Mimi nawaonyesha hivi: punguza 3 kwa namba zote mbili, tofauti yao haibadiliki, inakuwa 4999 toa 1765, hapo hakuna kukopa, 3234. Halafu jumlisha 3234 na 1768 uone kama 5002 inarudi. Sekunde kumi tu hiyo.

BODMAS nayo, zile herufi za kukumbusha hesabu gani inatangulia, watu wanaikariri kama shairi. 20 toa 6 jumlisha 4 ni ngapi? Ukisema 10 umedanganywa na herufi, A (addition) kutangulia S (subtraction) haimaanishi kujumlisha kunaenda mbele, hizo mbili zina nguvu sawa unatoka kushoto kwenda kulia, ni 18.

Jedwali la kuzidisha usilirudie lote kila siku, utachoka bure. Toa za 1, 2, 5 na 10 ambazo unazijua, toa za 9 (mpaka 9 mara 9 tarakimu za jibu zinajumlika 9, 63, 72, unaona), ukikumbuka 6 mara 8 na 8 mara 6 ni kitu kimoja, zinabaki 15 pekee. Kwa hizo 15 zenye zinasumbua karibu kila mtu ni 6 mara 7, 6 mara 8 na 7 mara 8. Ziandike kwa mkono ukitaka, bora zikae.

Asilimia ndio nilielewa nje ya darasa kabisa. Mama alikuwa anauza mahindi soko la Kibuye, gunia kilo 90, gorogoro (ule mkebe wa kupimia) kilo 2, hapo ni gorogoro 45. Sema gunia amenunua 4,000 na gorogoro anauza 110, anapata 4,950, faida 950. Faida asilimia ngapi? Unagawanya kwa ile pesa alitoa mfukoni, 4,000, unapata 23.75. Watoto wengi wanagawanya kwa 4,950 juu ndio namba ya mwisho wameandika. Nikiwauliza mama alianza na pesa gani mkononi wanajirekebisha wenyewe, bila fomula.

Sasa vile tunafanya: dakika 15 kila siku, bila kalkuleta, maswali kama kumi, na eksasaizi buku moja ya makosa tu. Usiandike hapo "nilikuwa na haraka", hiyo haisaidii mtu, andika kosa lenyewe, "nimesahau sifuri", "nimejumlisha kabla ya kutoa". Baada ya wiki mbili utashangaa ni makosa manne matano yanajirudia tu, hukosei hesabu yote kama unavyojiambia. Kijana mmoja ninayemfunza, wa KJSEA (mtihani wa mwisho wa gredi 9), ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika "sifuri" mara tisa. Wiki iliyopita nilimpea tena kugawanya, ile 3624 kwa 12, akafika kwa ile 2 haiingii, akasimama, akaniangalia, akaandika 0.