Bibi yako hakudanganyi

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini bibi anashikilia kwamba aliteleza, wakati wewe ulimwona akilegea na kuanguka bila hata kunyoosha mkono. Hakudanganyi. Mzee akizirai, mara nyingi hakumbuki kuwa fahamu zilimtoka. Anachokumbuka ni kujikuta chini, basi akili inashika sababu iliyo karibu. Hata wenye kumbukumbu nzuri hupatwa na hili, sembuse bibi yako anayerudia swali lile lile asubuhi nzima.

Ndiyo maana sitaki aingie kwa daktari peke yake. Atasema aliteleza, itaandikwa aliteleza, na moyo hautapimwa. Eleza wewe ulichokiona: alikuwa ndiyo kwanza anainuka? Uso ulipauka? Alichukua muda gani kuzinduka, na alipozinduka alikujua?

Omba presha ipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huenda chanzo kimepatikana. Waombe na kipimo cha umeme wa moyo. Beba dawa zake zote, hata za usingizi na za mafua anazojinunulia, kwa sababu zipo zinazoshusha presha na zipo zinazovuruga akili. Ila usimwachishe yoyote kabla daktari hajasema.

Usahaulifu wenyewe nao uchunguzwe, lakini si siku ile ile ya kuanguka, maana siku hiyo yeyote angechanganyikiwa. Na huo usahaulifu unachangia kumwangusha: kutembea huku unazungumza ni kazi mbili kwa ubongo uliochoka. Ukiona anasimama kila anapokujibu, usimsemeshe akiwa njiani.

Kinachoninyima usingizi ni kile kichwa alichogonga, hasa kwa vile anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Damu inaweza kuvilia polepole juu ya ubongo, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye: kusinzia mno, kichwa kuuma, mguu mmoja kuburuta, kuchanganyikiwa kuliko alivyozoea. Watu watakwambia uzee umezidi. Usiwasikilize, wala usingoje miadi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Na kuhusu kuteleza, mwanangu, usibishane naye tena. Mwambie tu kwamba mnakwenda wote.

Mama yako