Karda, kile kisu kidogo cha Kinepali: nilivyokifua nyumbani na pale watu wengi wanapokosea

Mkuu umeuliza kama mtu anaweza kujitengenezea nyumbani kile kisu kidogo kinachokaa nyuma ya ala ya khukuri, lile jisu kubwa lililopinda la Wanepali, bila karakana na bila mashine kubwa. Inawezekana kabisa. Mimi nimeshafua vitano, viwili vilikufa mikononi mwangu, vitatu vinapiga kazi mpaka leo na kimoja kipo jikoni kwa mama anamenyea viazi kila siku. Nitaeleza kirefu kidogo maana ukiambiwa nusu nusu utapoteza chuma na mkaa bure.

Kinaitwa karda. Ala ya khukuri wenyewe wanaiita dap, ukiigeuza nyuma utaona vijimfuko viwili na ndani yake vijisu viwili kama mapacha. Chenye makali ndio karda, cha kuchunia ngozi, kukata kamba, kumenya, vitu ambavyo khukuri kubwa ni nzito mno kuvifanya. Mwenzake anaitwa chakmak, huyu hana makali na watu wakimuona wanadhani fundi amesahau kumnoa. Hajasahau, yule anatumika kunyooshea makali ya khukuri yakijikunja, na zamani ndio walikuwa wanampiga kwenye jiwe gumu kutoa cheche za kuwashia moto.

Haya nilifundishwa Qatar. Nilikuwa mlinzi Doha, chumba kimoja watu sita, wawili sisi wa Afrika Mashariki na wanne Wanepali, na mmoja wao mkubwa kiumri tulikuwa tunamwita Dai, yaani kaka mkubwa kwa lugha yao. Kwao ni Bhojpur, mashariki ya Nepal, ukitaja khukuri kwa Mnepali Bhojpur lazima itatajwa. Baba yake mhunzi, babu mhunzi. Sasa kambini huwezi kufua kisu, kwa hiyo Dai alinifundisha kwa unga wa chapati. Ijumaa moja tunakanda akachukua donge, akalivuta refu kama kipande cha chuma, akaanza kuligonga upande mmoja kwa mgongo wa kijiko, ananiambia tazama. Ule upande unaogongwa unakuwa mwembamba, unga unatanuka, na donge zima linajikunja kuelekea upande wa pili kama ndizi. Akasema bhai, yaani mdogo wangu, chuma chekundu ni unga huu huu. Kwa hiyo ukitaka kisu kilichonyooka, kabla hujatoa makali kikunje kwanza kuelekea upande wa makali, halafu ukianza kugonga makali kitajinyoosha chenyewe. Hilo somo la unga limenisaidia kuliko video zote nilizowahi kuangalia.

Chuma. Wao wenyewe siku hizi wanatumia springi za malori na mabasi, zile bapa, na sisi tunazo kila gereji. Usichukue nondo mkuu, nondo ya kawaida haina kaboni ya kutosha, utafua vizuri, utanoa vizuri, halafu kitakata nyanya mbili kimekwisha. Kipande cha springi cha sentimita 10 kinatosha na kinabaki, ila kikague, springi iliyochoka huwa na nyufa ndogo ndogo ambazo huzioni mpaka uisugue iwe nyeupe. Mimi natumia ya pikapu kwa sababu ya lori ni nene mno, utagonga mpaka bega liume.

Moto ni mkaa wa kawaida kwenye shimo nililojengea matofali na udongo, bomba la chuma linaingia chini, na upepo unatoka kwenye drayeri ya nywele iliyokufa koili lakini feni bado nzima. Fuawe yangu ni kipande cha reli nilichonunua kwa watu wa skrepa. Nyundo ya kilo moja inatosha sana kwa kisu hiki, koleo tafuta refu, na miwani ya kinga sio mapambo, lile ganda jeusi linaloruka ukigonga linaingia jichoni likiwa la moto. Fanya jioni au kwenye kivuli, juani huwezi kusoma rangi ya chuma hata kidogo.

Vuta chuma mpaka unene wa milimita 3 hivi mgongoni, bapa lake sentimita 7 au 8, na mkia mwembamba wa kuingia kwenye mpini kama sentimita 5. Gonga kikiwa cha rangi ya chungwa, kikirudi wekundu mzito rudisha motoni, ukilazimisha kugonga kilichopoa unakitengenezea nyufa. Kikishapata umbo kipashe tena mpaka kiwe chekundu halafu kiache kipoe chenyewe hewani, rudia hivyo mara tatu, mara ya mwisho kifukie kwenye majivu kilale humo mpaka asubuhi. Hapo kitakuwa laini, tupa itakula vizuri. Kwa tupa fika karibu na umbo la mwisho lakini makali acha unene kama wa shilingi, usiyamalize. Ukiyamaliza kabla ya kukiimarisha, yaani kukipasha na kukipoza ghafla kiwe kigumu, yatapinda au yataungua.

Sasa hapa ndio kwenye kisu chenyewe, hayo mengine yote ni umbo tu. Wahunzi wa Nepal hawazamishi khukuri kwenye maji. Wanaipasha, wanaishika makali juu, halafu wanachukua birika na kumwaga maji taratibu kwenye makali peke yake, wanakwenda na kurudi. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki laini, ndio maana khukuri inapiga mti mzima na haivunjiki. Nilivyorudi Arusha karda yangu ya kwanza nilikuwa na haraka ya kuiona, nikaipasha nikaitumbukiza yote kwenye ndoo ya maji. Nilisikia tin! sauti ndogo tu kama kioo, nilipoitoa ufa umetoka kwenye makali mpaka katikati. Kazi ya jioni za wiki mbili imekwenda na maji. Nilikaa pale chini nikiwa nimeishika na roho iliniuma kweli, kwa sababu Dai aliniambia na nilikuwa najua.

Birika linataka mkono uliozoea, na kisu kidogo chembamba hivi kinapoa haraka kabla hujamaliza kumwaga. Kwa hiyo kwa anayeanza nakushauri mafuta. Mimi natumia mafuta ya kupikia kama lita mbili kwenye chombo kirefu cha chuma, yapashe kidogo yawe ya uvuguvugu wa kuumiza kidole, sio ya kuchemka, na mfuniko uwe karibu kwa sababu moto utaruka juu. Usitumie plastiki, usifanyie ndani ya nyumba. Pasha kisu polepole, kila mara kiguse na sumaku iliyofungwa kwenye waya. Pale sumaku inapokataa kushika ujue umekaribia, kirudishe motoni kidogo tu kiongeze rangi halafu ingiza makali kwanza, wima, usikoroge kushoto kulia kitapinda. Kikipoa pitisha tupa kwenye makali, ikiteleza kama kwenye kioo umepatia, ikiuma rudia.

Usikinoe hapo! Saa hiyo ni kigumu lakini ni kama sahani, kikidondoka sakafuni kinaweza kukatika. Kisugue kiwe cheupe, kiingize kwenye oveni nyuzi 200 masaa mawili, kitoe kipoe, rudia tena masaa mawili. Kitageuka rangi ya majani makavu, njano njano kama asali nyepesi. Kikienda bluu kwenye makali umezidisha moto, kitakuwa springi na sio kisu.

Mpini wao wanapenda pembe ya nyati wa kufugwa au mti unaoitwa sisau, na sisau ni ndugu wa damu wa mpingo wetu, jamii moja kabisa. Kwa hiyo kama una kipande cha mpingo kilichobaki kwa wachongaji hujatoka nje ya mila. Toboa tundu dogo kuliko mkia, wao wanajaza laha, aina ya lakiri inayoyeyuka kwa moto, wanapasha mkia na kuusukuma ndani, ikipoa imeshika. Mimi natumia gundi ya epoksi na pete ya shaba niliyoikata kwenye bomba la zamani ili mti usipasuke mdomoni.

Kuna kitu nataka nikiseme kwa sababu watu wanasifia khukuri na hawawajui wanaozifua. Dai ni wa tabaka la Kami, wahunzi, na kwao tabaka hilo limehesabiwa chini miaka na miaka. Sheria ilishakataza ubaguzi huo tangu 1963 lakini aliniambia wapo wateja wa baba yake ambao mpaka anaondoka nyumbani walikuwa wananunua kisu mlangoni na hawanywi maji ya nyumba ile. Nilimwambia hata kwetu, kwa Wamasai wahunzi ni watu wa ilkunono, wanatoa mikuki na sime za watu wote na bado Wamasai wengine walikuwa hawaoani nao. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza wanatumia mkaa wa mti gani.

Ala shona ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa, ikaukie kwenye kisu kilichozungushiwa nailoni, na kisu paka mafuta kwanza maana springi inaota kutu usiku mmoja tu. Kipande cha springi kikibaki usikitupe, tengeneza na chakmak yake, umbo lile lile bila makali, iache ngumu zaidi, nyuzi 150 inatosha. Ukikwama kwenye kupasha niambie chuma kilikuwa cha gari gani na rangi uliyoiona, nitakujibu.