Makocha Wanapokujazia Mstari: Ushauri kwa Washika Kibendera

Ukitoa Sheikh Amri Abeid pale Arusha na Ushirika pale Moshi, viwanja vyetu vingi havina benchi lililojengwa, na mechi nyingi za mtaani na za wilaya hazina mwamuzi wa akiba, yule anayesimamia mabenchi. Kuna viti vya plastiki, ndoo ya maji, na watu. Dakika ya kumi haijafika, kocha, msaidizi wake, meneja na wachezaji wawili wa akiba wameshasimama juu ya chokaa. Mzigo huo unamwangukia mshika kibendera wa upande wa mabenchi, ambaye hapo hapo anatakiwa aende sambamba na beki wa pili kutoka mwisho.

Watu hulichukulia jambo hili kama suala la heshima. Heshima imo, lakini kubwa zaidi ni macho. Kuotea kunapimwa pale mpira unapopigwa au kuguswa na mchezaji wa timu inayoshambulia. Ukigeuza shingo kumjibu kocha, pasi ikipigwa hapo hapo umeikosa, na hakuna marudio ya video ya kukuokoa. Kwa hiyo chochote unachofanya kumdhibiti kocha kifanyike macho yakiwa uwanjani, au kifanyike mpira ukiwa umesimama.

Sehemu kubwa ya kazi hii inamalizika kabla ya filimbi ya kwanza. Sheria ya 1 ya soka inasema eneo la ufundi, yaani sehemu ya benchi ambamo kocha anaruhusiwa kusimama, linaanza mita 1 pembeni ya viti kila upande, na mbele linaishia mita 1 kabla ya mstari wa pembeni. Mita hiyo 1 ndiyo njia yako ya kukimbilia, na ni nyembamba. Fika mapema, pima kwa hatua ndefu, kisha mwombe mwenyeji achore eneo kwa chokaa. Chokaa ikikosekana, koni nne kwa kila timu zinatosha. Kiwanja kikiwa na nafasi, sogeza viti nyuma zaidi, maana mtu aliyekaa mbali hufika mstarini akiwa amechelewa kidogo, na huo muda kidogo unakusaidia. Masika mvua inafuta chokaa. Kiangazi vumbi na viatu vinaimaliza kabla ya mapumziko. Mistari irudiwe wakati wa mapumziko, kwa sababu kipindi cha pili kocha atakuambia kwa nia njema kabisa kwamba haoni mstari wowote.

Baada ya hapo nenda kwenye kila benchi, mpira ukiwa bado haujaanza. Makocha wengi wa huku ni watu wazima kuliko sisi tunaoshika kibendera, kwa hiyo anza na shikamoo, tena shikamoo ya kweli. Mwite mwalimu, kama wachezaji wake wanavyomwita. Hakikisha waliokaa pale ndio walioandikwa kwenye orodha, na wengine watoke. Kisha mweleze mambo matatu: anayesimama kutoa maelekezo ni mmoja kwa wakati mmoja, njia iliyo mbele ya eneo ni ya mwamuzi, na wachezaji wa akiba watapasha misuli mahali mtakapokubaliana. Muulize meneja jina lake, kwa sababu baadaye utamhitaji kuliko unavyodhani.

Kuna jambo ambalo washika kibendera wapya huwa hawalifikirii. Wewe unafanya kazi kwenye nusu moja ya uwanja mechi nzima, na mabenchi yako pande mbili za mstari wa kati. Kwa hiyo benchi moja ndilo lililo kwenye njia yako. Timu zinabadilishana magoli wakati wa mapumziko, mabenchi hayahami. Matokeo yake, kipindi kimoja kocha aliye jirani yako timu yake inalinda goli la upande wako, na atakuwa anapiga kelele "ameotea!" pamoja na mabeki wake. Kipindi kingine timu yake inashambulia upande huo huo, na kila kibendera utakachoinua kitamuuma. Lijue hilo mapema. Kelele za kulinda zinakuja kabla ya uamuzi na zinataka kukuharakisha, basi chelewesha kibendera kidogo mpaka uone nani anahusika na mchezo. Kelele za kushambulia zinakuja baada ya uamuzi, na hizo ndizo zinazomtoa kocha kwenye eneo lake. Mpira ukiwa nusu ya pili ya uwanja unasimama karibu na mstari wa kati, katikati ya mabenchi yote mawili. Hapo ndipo unaposhambuliwa kwa maneno zaidi, na ndipo pia unapopata nafasi ya kuzungumza.

Akisogea mara ya kwanza, sema bila kumtazama, sauti ya kawaida: "Mwalimu, nipe njia." Mara nyingi inatosha. Akirudia, subiri mpira utoke, mgeukie, mwoneshe eneo kwa mkono mtupu na umwambie meneja amsaidie kukaa nyuma. Meneja akishirikishwa, kocha anarudi bila kuaibika mbele ya wachezaji wake. Mara ya tatu usiendelee kubembeleza. Kibendera kisitumike kumwelekezea mtu, na usimguse hata begani, kwa sababu mguso mdogo hugeuka ugomvi. Akiuliza swali fupi, jibu kwa sentensi moja. Akitoa kauli, nyamaza. Ukianza kubishana kuhusu uamuzi umeshampa ruhusa ya kukaa mstarini.

Mwamuzi wa kati ndiye pekee mwenye kadi, na tangu msimu wa 2019/20 kadi zinaoneshwa kwa viongozi wa benchi pia. Wewe kazi yako ni kumpa taarifa safi. Mpira ukisimama, inua kibendera, akija mwambie nani, amefanya nini, na unapendekeza nini: "Kocha msaidizi wa bluu, ametoka eneo lake mara tatu, nimemkanya, njano." Kutoka mara moja moja bila kosa jingine ni la kuonywa kwa mdomo. Kutoheshimu eneo waziwazi au kwa kurudiarudia ni njano. Kutoka makusudi ili kupinga uamuzi au kuchokoza ni nyekundu, na ndivyo ilivyo pia kwa anayeshikilia mpira ili kuwachelewesha wapinzani kurusha. Tusi likitoka kwenye kundi na msemaji hajulikani, kadi inakwenda kwa kocha mwandamizi aliyepo kwenye eneo. Mweleze hilo kabla ya mechi. Benchi linatulia ajabu kocha akijua atalipia mdomo wa mwingine.

Angalizo moja linalosahaulika sana kwetu, ambako timu nyingi zina mhudumu mmoja tu wa afya: huyo akifanya kosa la nyekundu na hakuna mwingine wa kumbadili, sheria inamruhusu abaki ili ahudumie majeruhi.

Kocha akiingia uwanjani na kuuingilia mchezo, inua kibendera hapo hapo, usisubiri mpira utoke. Adhabu ni mpira wa adhabu wa moja kwa moja, au penalti kama ni ndani ya eneo la penalti. Lakini kama mpira ulikuwa unatoka na ameudaka kabla haujavuka wote, bila nia ya kuharibu, sheria za 2025/26 zinataka mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, bila kadi. Hili linatokea sana makocha wanapokuwa juu ya mstari, kwa hiyo ukazie macho mpira wenyewe, si mikono yake.

Mechi ikiisha, andika siku hiyo hiyo: dakika, alipokuwa amesimama, ulichomwambia, na maneno yake kama alivyoyatamka, hata yakiwa machafu. "Alitumia lugha chafu" haimsaidii mtu yeyote kwenye kamati. Mpe mwamuzi wa kati taarifa yako kabla hamjaachana, ili ripoti yake na maelezo yako yasipishane.