Kuchagua Git ya vitufe: ijaribu kwanza kwenye repo ya kutupa

Anayeanza kazi ya programu huuliza mapema: nitumie programu gani ya madirisha na vitufe kuendesha Git, yaani chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo? Anza na mashine uliyo nayo, maana ndiyo inayopunguza orodha. GitHub Desktop na Sourcetree hazina toleo rasmi la Linux, Fork ni ya Windows na Mac tu, TortoiseGit ni ya Windows peke yake. Mtu wa Ubuntu, aina ya Linux, anabaki na GitKraken, Sublime Merge, SmartGit, paneli iliyomo ndani ya kihariri cha VS Code, na wazee wawili wanaosahaulika: gitk na git gui. Hao wawili huja na Git for Windows. Kwenye Ubuntu ni `sudo apt install gitk git-gui`, basi.

Leseni nayo isome kabla hujazoea. Toleo la bure la GitKraken halikuruhusu kufanya kazi na repo (hifadhi za msimbo) za faragha zilizo kwenye seva kama GitHub, na wengi hugundua hilo siku wanapopewa repo ya kampuni. Tazama pia RAM. GitHub Desktop, GitKraken na VS Code zimejengwa juu ya Electron, yaani kila moja hubeba kivinjari kizima tumboni. Kwenye kompyuta ya GB 4, ikiwa na VS Code, kivinjari na hifadhidata tayari wazi, kuongeza nyingine ya aina hiyo ni kuitafutia mashine kifafa. Hapo git gui, pamoja na sura yake ya zamani, inafaa kuliko mrembo anayekwama.

Usichague kwa picha za matangazo. Fungua folda tupu, andika `git init`, weka faili yenye mistari 10, ukomiti, yaani uiingize kwenye historia. Kisha badilisha mstari wa 2 na wa 5, ujaribu kukomiti ule wa 2 tu. Mistari hiyo imechaguliwa makusudi: Git huonyesha mistari 3 ya muktadha juu na chini ya kila badiliko, hivyo mabadiliko yaliyokaribiana namna hiyo huyahesabu kipande kimoja. Programu inayojua kupandisha stejini (mahali pa mabadiliko yanayosubiri komiti) kipande kizima tu itashindwa papo hapo. Katika git gui bofya kulia juu ya mstari na uchague «Stage Line For Commit». Katika GitHub Desktop bofya namba ya mstari pembeni ili rangi ya buluu iondoke kwenye mstari usioutaka. Katika VS Code teua mistari, halafu «Stage Selected Ranges».

Kuna kosa dogo hapa. Mstari uliobadilishwa huonekana mara mbili: wa zamani wenye alama ya kutoa na mpya wenye alama ya kujumlisha. Ukipandisha mpya ukamwacha wa zamani, komiti itaingia na mistari yote miwili. Ukipandisha wa zamani peke yake, mstari utatoweka kabisa kwenye komiti. Pandisha yote miwili, kisha soma upya kilichoko stejini kabla ya kukomiti. Kazi hii ndiyo sababu kubwa ya kutumia vitufe badala ya terminali, kwa kuwa ndipo unapokamata `console.log` uliyoisahau au nenosiri la hifadhidata uliloandika kwa majaribio.

VS Code ina mtego wake hapo hapo. Ukibofya kukomiti bila kupandisha chochote, inauliza kama ipandishe kila kitu. Usichague «Always». Ukiichagua, swali halitarudi tena, na kila utakapobofya kukomiti steji ikiwa tupu, mabadiliko yako yote yatazolewa pamoja.

Jaribio la pili ni mgongano. Fungua tawi jipya (mkondo wa kazi unaojitegemea), badilisha mstari wa 7 kwenye matawi yote mawili kwa maneno tofauti, uunganishe. Unataka programu inayokuonyesha upande wako, upande wa mwenzako na matokeo kwa pamoja. Kisha rudia kwa ribesi (rebase, kuhamishia komiti zako juu ya tawi jingine), maana hapa hata wazoefu hujikwaa: kwenye kuunganisha kwa kawaida, «ours» ni tawi ulilosimama, kwenye ribesi ni kinyume, «ours» ni lile unalohamia juu yake, na kazi yako wewe inaitwa «theirs». Anayebofya «Accept Current», yaani kubali «ours», akidhani anailinda kazi yake, anaifuta.

Wakati uko hapo, angalia kama programu inachora grafu ya matawi yote. GitHub Desktop haichori. Historia yake ni orodha moja iliyonyooka. Inatosha kwa mwenye tawi moja na ombi moja la kuunganisha, haitoshi kwa timu yenye matawi kumi yanayopishana. Ukiipenda kwa mengine, fungua `gitk --all` pembeni.

Sehemu inayokula siku nzima ya mgeni kwa kawaida ni funguo. GitHub iliacha kupokea nenosiri la akaunti kwa kazi za Git tarehe 13 Agosti 2021. Unahitaji tokeni (msimbo wa siri wa kuingilia) au ufunguo wa SSH, njia salama ya kuunganika na seva. Tatizo ni kwamba programu yako huenda haitumii SSH ile unayoitumia kwenye terminali. TortoiseGit kwa kawaida hutumia Plink, mteja wa SSH wa familia ya PuTTY, ambaye hausomi ufunguo uliotengenezwa na `ssh-keygen`. Dalili yake: terminali inapushi (inapeleka komiti kwenye seva) vizuri, dirisha linasema «No supported authentication methods available». Ama ingia Settings, kisha Network, uelekeze SSH client kwenye `ssh.exe` ya Git, ama fungua ufunguo kwa PuTTYgen uuhifadhi kama `.ppk`. Usitengeneze ufunguo wa tatu.

Kwenye Mac shida huwa PATH, orodha ya folda ambamo mashine hutafuta programu. Programu iliyofunguliwa kutoka Dock haisomi `.zshrc`, kwa hiyo Node (kiendeshaji cha JavaScript) iliyowekwa kwa nvm, kisimamizi cha matoleo yake, haionekani, na hook ya husky, yaani skripti inayokagua kabla ya komiti, inakufa na `npx: command not found` ingawa terminalini kila kitu kinaenda. Usiweke tiki ya kuruka hook hiyo. Ukaguzi ule umewekwa kwa sababu. Weka mistari ya kupakia nvm ndani ya `~/.config/husky/init.sh`.

Halafu kitufe cha kupushi kwa nguvu. Programu nzuri hutumia `--force-with-lease`, inayokataa ikiwa seva ina komiti ambazo mashine yako haijazijua. Lakini programu inayofechi (inayovuta habari za komiti mpya kutoka seva) yenyewe kila baada ya dakika chache hupunguza kinga hiyo: komiti za mwenzako zimeshafechiwa kimyakimya, mashine inahesabu umeziona, na pushi inapita juu yake. Zima kufechi kwa kujiendesha, au, kuanzia Git 2.30, pushi kwa terminali ukiongeza `--force-if-includes`.

Mwisho jaribu kitufe cha kutupa mabadiliko, ukiwa bado kwenye repo ya kutupa. Kilichokomitiwa kinaokoleka kwa `git reflog`, orodha ya komiti ulizopitia, kwa kawaida kwa siku 30 au zaidi. Ambacho hakijawahi kukomitiwa wala kupandishwa stejini, Git haikijui. GitHub Desktop hupeleka faili hizo kwenye pipa la taka la mashine, nyingine huandika juu yake tu. Bofya, kisha kalitazame pipa.